Kikohozi cha Mkwe

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu ya kilima, upande wa bara wa Lindi. Jina lake sina haja ya kulitaja. Waliosoma pale wanalijua, na wasiosoma halitawaongezea kitu. Enzi hizo za Mwingereza madarasa na mabweni yalikuwa ya bati, na chini kidogo, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, zilikuwapo nyumba za wafanyakazi zilizoezekwa nyasi. Kati ya uwanja wa mpira na nyumba hizo ulisimama mkwaju, na kwenye tawi lake kilining'inia kipande cha reli kilichosalia katika mradi wa karanga wa Waingereza, ndicho kengele yetu. Mwenye reli hiyo alikuwa Laurenti Likwata.

Nasema mwenye, maana hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Ilipigwa polepole kwa darasa, kwa chakula na kwa sala. Ikipigwa mfululizo bila kupumzika, hiyo ni ya moto. Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu tuliyempa jina la Bwana Filimbi kwa sababu ya ile filimbi isiyotoka shingoni mwake, alikuwa ameishi London ilipokuwa inapigwa mabomu, na hofu ya moto haikumtoka tena. Basi kila mara tulifanyishwa zoezi. Reli inalia, wanachuo wanatoka mbio na ndoo nyekundu za mchanga, wafanyakazi wanatoka majumbani na watoto wao, wote uwanjani, na Mwalimu Modesti anapita akiuliza nyumba moja moja kama watu wametimia. Tulikuwa tunaona upuuzi mtupu. Hasa zoezi likiangukia saa ya chakula.

Laurenti hakuona upuuzi. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mizito. Alizaliwa Likawage, akafiwa na wazazi kabla ya kuwakinai, akalelewa huku na kule. Alipomwoa Rosa wa Kilangala alipata kwa mara ya kwanza mtu wa kumwita mama, naye ni mama mkwe wake, Bi Katarina. Balaa ni kwamba, kwa mila ya watu wetu, mama huyo aliyempata hakuruhusiwa kumtazama.

Wasomaji wa mjini watacheka, lakini kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mwanamume hasimami uso kwa uso na mama wa mkewe, hali naye, hamshiki mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Walikuwa Wakatoliki, ndiyo, na misa hawakukosa. Ila kanisani Bi Katarina alikaa upande wake na Laurenti upande wake, na padri aliwajua.

Bi Katarina alipoanza kusumbuliwa na miguu, na Rosa akiwa ndiye mtoto wake pekee, ilibidi mama aje kuishi nao chuoni. Laurenti hakunung'unika. Alikata chumba cha ndani, akatoboa mlango wa uani wa mama peke yake, kisha ikawepo kanuni ya kikohozi. Akirudi kazini, akifika kwenye pembe ya nyumba alisimama na kukohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi. Bi Katarina, aliyekuwa akipenda kukaa barazani kwenye mkeka wake akimenya muhogo, akisikia hivyo aliuburuta mkeka na kuingia ndani. Mkeka ukisikika umekwisha kuburutwa, Laurenti alikunja pembe.

Wakizungumza walipitia kwa Rosa. Mimi mwenyewe niliwasikia nilipokuwa mwanachuo, siku nilizotumwa kule chini. Bi Katarina anasema kutoka ndani, "Rosa, mwambie baba muhogo uko jikoni, nimemwekea ule laini." Laurenti yuko pale pale, kasikia kila neno, lakini anangoja. Rosa anasema, "Mama anasema muhogo uko jikoni." Laurenti anajibu, "Mwambie mama ahsante, na ugoro wake nimeuweka dirishani." Rosa anageuka kuelekea ukuta na kusema yale yale. Na Rosa asipokuwepo? Walimtumia kuku. Haki ya Mungu! Laurenti alimwambia kuku, "Wee kuku, mwambie mama mvua inakuja, aanue nguo." Na nguo zikaanuliwa.

Ukiishi na watu wanaopendana namna hiyo huwezi tena kuwacheka. Laurenti aliniambia baadaye kwamba aliijua sauti ya mama mkwe kuliko uso wa mtu yeyote, na kwamba jioni alipoisikia ikigombana na moshi wa jikoni alijiona ana kwao.

Sasa lile zoezi la moto lilileta tatizo. Laurenti ndiye mpiga reli, na reli iko pale watu wote wanapopitia kwenda uwanjani. Bi Katarina atapitaje mbele yake? Mara ya kwanza hakwenda. Alitoka kwa mlango wake wa uani akaenda kusimama nyuma ya migomba. Bwana Filimbi akapiga filimbi mpaka mashavu yakawa mekundu: mtu mmoja hayupo! Mwalimu Modesti, kijana wa Kimakonde mwenye maneno mazuri, akamweleza mambo ya ukwe. Bwana Filimbi akasikiliza, akacheka sana, akasema kwa Kiswahili chake cha kupinda kwamba basi migomba ya mama huyo nayo ihesabiwe kuwa uwanja.

Ikawa hivyo. Kila zoezi Mwalimu Modesti akifika kwenye nyumba ya Laurenti aliuliza, "Nyumba ya mpiga reli?" na kabla mtu hajajibu alijijibu mwenyewe, "Mama yuko migombani," akapita. Hakuna aliyekwenda kutazama. Mwanamume hawezi kwenda kumchungulia mkwe wa mwenzake aliyejificha kwa heshima, na wanawake walikuwa na watoto wa kushika.

Moto wenyewe ulikuja mchana, kiangazi kikali, wakati watu wa bondeni wanachoma mashamba. Upepo uligeuka. Cheche zikapanda mteremko zikaangukia banda la kuni, na banda la kuni lilikuwa karibu mno na zile nyumba za nyasi. Laurenti aliona moshi, akaivamia reli. Nasikia sauti ile mpaka leo. Tulitoka na ndoo zetu, na kwa kuwa mazoezi yote tulifanya ya kuokoa ghala la vitabu, miguu ilitupeleka ghalani. Tulijipanga vizuri sana pale, tukimwaga mchanga kwenye ukuta wa jengo ambalo haliungui.

"Nyumba ya mpiga reli?" Mwalimu Modesti aliuliza huku akikimbia. "Mama yuko migombani!" Akapita.

Rosa alikuwa mtoni akifua. Alipanda kilima mbio, nguo mbichi ziko begani, akaenda moja kwa moja migombani, maana asubuhi alimwacha mama yake na homa. Migombani hapakuwa na mtu. Alipiga ukelele mmoja tu. Laurenti, aliyekuwa bado anaipiga reli, aliitupa nyundo.

Sisi tulikuwa tumeshaacha ghala na kuteremka, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Paa lilikuwa limeshika moto upande wa jiko. Laurenti alifika kwenye pembe ya nyumba yake, akasimama, akakohoa. Mara mbili.

Usimcheke. Na wewe ungefanya lile ambalo mwili wako umezoea kufanya. Baadaye ndipo tulipojua kwa kinywa cha Rosa, aliyesimuliwa na mama yake, yaliyotokea ndani. Bi Katarina alikuwa ameamshwa na moshi, amejikokota kwenye sakafu mpaka karibu na mlango wa mbele, bado hatua chache atoke. Akasikia kikohozi. Akageuka. Aliuburuta mkeka wake, akarudi chumba cha ndani, akajifunika uso.

Laurenti alisikia mkeka ukiburutwa. Aliniambia kwamba sauti hiyo, iliyokuwa ikimfurahisha kila jioni, siku ile ilimtisha. Alielewa amefanya nini. Akaita, "Mama, toka! Mama!" Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye bila Rosa na bila kuku. Hakutoka. Ndipo akainama akaingia.

Alitoka amembeba mikononi. Kanga zilikuwa zimeshika moto, Laurenti amezirarua na kuzitupa, na bibi wa watu alikuwa hana kitu mwilini, mbele ya chuo kizima. Wanachuo tulitazama chini wote kwa pamoja, na hilo hatukulifanyia zoezi. Laurenti alimlaza kwenye majani, akavua shati akamfunika, akarudi nyuma akatupa uso pembeni. Bi Katarina alikuwa ameungua mgongo na mkono. Alikuwa na fahamu. Alimtafuta Rosa kwa mkono, akasema, "Mwambie baba asinitazame." Rosa akageuka kwa mumewe, machozi yanamtiririka, akasema, "Mama anasema usimtazame." Naye akasema, "Mwambie mama sitazami."

Bi Katarina alipona. Alilazwa hospitali ya misheni mpaka vidonda vikafunga, kisha akapelekwa kwao Kilangala, na Rosa akafuatana naye kumuuguza. Wote tulijua ni kwa muda.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kupiga kelele, hata leo. Kutoka chuoni mpaka Kilangala ni mwendo wa asubuhi moja. Mtu akitoka jua likichomoza anafika watu hawajala chakula cha mchana. Na Laurenti hakwenda! Alijenga upya nyumba. Akakata chumba cha ndani kama zamani, akatoboa mlango wa uani kama zamani, akapanda migomba mingine mahali pa ile iliyoungua. Watu wakamuuliza anamjengea nani. Akajibu, "Wenyewe wakirudi."

Mimi nilimaliza masomo, nikafundisha Kilwa kwa miaka kadhaa, kisha nikarudishwa pale pale chuoni kuwa mkufunzi. Bwana Filimbi alikuwa amekwenda kwao. Reli ilikuwepo, Laurenti alikuwepo, kichwa kimeingia mvi. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa naye chini ya mkwaju mpaka akapiga ya mwisho ya jioni, tukateremka pamoja. Tulipofika kwenye pembe ya nyumba yake akasimama. Akakohoa mara mbili. Akangoja kidogo, halafu akakunja pembe. Baraza lilikuwa limefagiwa, halina mkeka.

"Mzee Laurenti," nikamwambia, "mkeo hajarudi mpaka leo?"

"Bado, Mwalimu Sipriani."

"Umekwenda kumfuata?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Nitakwendaje? Nimemwona mama. Nimemshika kwa mikono hii. Nikienda nikasimama pale barazani kwake atakumbuka siku ile. Nimtie fedheha mara ya pili? Wakiniita nitakwenda. Ugoro naupeleka. Kila Kudra, yule jirani yao wa Kilangala, akija sokoni nampa."

"Na wao wanakuletea neno gani?"

"Hawaleti neno."

Alisema hivyo akashika goti lake. Alikuwa anawataka wote wawili, si Rosa tu. Aliniambia usiku huwa anajisemea mwenyewe sauti ya mama mkwe, "Rosa, mwambie baba muhogo uko jikoni," asije akaisahau ilivyokuwa. Mwanamume mzima. Nilitaka kumfokea na nilitaka kulia, nikashindwa kuchagua, nikamwambia nitakwenda mimi kuwa mshenga wake likizo ikifika. Akakataa. Akasema mambo ya ukwe hayasukumwi.

Likizo ilipokaribia, yule Kudra, mkulima wa Kilangala ambaye ndiye aliyepeleka ugoro miaka yote hiyo, alikuja siku isiyo ya soko. Alivua kofia kwa mbali. Laurenti alikuwa ameshika nyundo ya reli. Alipoiona kofia mkononi akaishusha nyundo chini taratibu.

"Nani?" akauliza.

"Mama," akasema Kudra. "Jana. Anazikwa leo."

Sasa njia ya Kilangala ikapitika. Nilifuatana naye, na siku zote nilizomjua sikuwahi kumwona anatembea vile; nilikuwa kijana kwake lakini nilihema. Hakusema kitu njia nzima ila mara moja tu, kwamba ameusahau ugoro, na alipokumbuka hauhitajiki tena akaongeza mwendo.

Nyumba ya msiba ilikuwa baada ya kona yenye mikorosho. Tuliwasikia wanawake wakilia kabla ya kuiona. Laurenti alifika pale konani akasimama. Sikujua analotaka kufanya mpaka alipolifanya. Alikohoa mara mbili.

Kilio kikakatika. Kilikatika chote kwa mara moja, mpaka nikasikia kuku wanapekua majani. Kisha Rosa akatoka, kajifunga kaniki, amekonda, nywele za mbele nyeupe.

"Leo ndiyo unakohoa?" akasema.

Laurenti aliinamisha kichwa.

"Wewe bwana, wewe! Mtu yeyote akipita njia hii akakohoa, mama anakusanya mkeka wake. Kwa ile miguu! Anauburuta mpaka ndani, ananiambia, Rosa, fagia baraza, baba anakuja. Nafagia. Tunangoja. Kumbe ni mtu anakwenda zake shamba. Kesho tena. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Mwisho akaniambia, baba ameona uzee wangu siku ile, umemchukiza, ndiyo maana anatuma ugoro kwa watu na yeye haji. Nikamwambia sivyo. Lakini mimi nilijuaje kama sivyo?"

"Nilikuwa nangoja mniite," akasema Laurenti.

"Mkwe anaitwa? Lini umesikia mkwe anaitwa? Na mimi nirudi peke yangu, nibebe mzigo kichwani kama niliyefukuzwa huku na huku? Mke hufuatwa. Hulijui hilo?"

Alikuwa analijua. Sote tunalijua. Kila mmoja wao alishika heshima yake barabara, na heshima hiyo ilikuwa imeila miaka yao. Laurenti alikaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi na majani ya mikorosho, akalia kwa sauti, na mjomba wa Rosa, mzee Benedikto, alipokuja kumwinua alikataa kuinuka. Mwisho aliinuka, akamzika mama mkwe wake kama mkwe anavyopaswa. Aliingia kaburini akachimba yeye, hakumpa mtu jembe.

Baada ya arobaini alikwenda tena Kilangala, safari hii kwa taratibu zote, na mimi nikiwa mshenga. Tulipeleka jogoo na kaniki mpya mbele ya mzee Benedikto. Hiyo kaniki ilikuwa ya kumwomba radhi Bi Katarina, na mzee hakujua ampe nani. Mwishoni akamfunika nayo Rosa mabegani. Akasema, "Mchukue mkeo, tena usituchoshe." Tukarudi naye.

Siku chache baadaye nilikwenda kumwamkia Rosa. Alikuwa barazani anamenya muhogo, amekaa kwenye mkeka uleule wa mama yake, umekatika pembeni. Reli ya mchana ilikuwa imeshalia. Tulimwona Laurenti anakuja, akafika kwenye pembe ya nyumba, akakunja moja kwa moja bila kusimama, kimya.

Rosa aliacha kisu. "Mbona hukukohoa?"

"Nimkoholee nani, Rosa?"

"Rudi."

"Rosa..."

"Rudi pembeni, nimekwambia. Kohoa, nisikie."

Laurenti alinitazama mimi, akamtazama mkewe, kisha akarudi. Hatukumwona tena, tulisikia viatu vyake tu vikisimama. Akakohoa mara mbili. Rosa aliinuka, akaushika mkeka, akauburuta polepole kuvuka kizingiti mpaka kwenye chumba cha ndani, akauacha huko, akatoka akasimama mlangoni.

Laurenti akakunja pembe. Uso ulikuwa umelowa. Alisimama mbali kidogo na baraza, pale alipozoea, akasema, "Mwambie mama nimerudi."

Rosa akageuka kuelekea ukuta wa ndani. "Mama," akasema, "baba amerudi."

Nilichukua kofia yangu nikaondoka, nikawaacha wakisikiliza.